Maswali na majibu: Data ya wateja wenu iko wapi?

Kampuni yetu imesajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ya Kenya na cheti tumekitundika mapokezi. Tumebakisha nini? (Msomaji, Nakuru)

Mmebakisha kazi yenyewe. Swali hili huniijia mara kwa mara kwa sura tofauti, na jibu halijabadilika. Cheti kinasema mnashika data za watu, hakisemi mnazilinda. Mteja akilalamika, mtaulizwa data yake iko wapi, nani ameiona na kwa idhini gani. Kama hamwezi kujibu hayo matatu, cheti hakitawasaidia.

Mimi ni afisa wa IT kwenye Sacco. Meneja anataka tununue programu ya kusaka data nyeti kwenye kompyuta zote. Nianzie wapi? (Meru)

Anza na watu. Chukua fomu ya mwanachama mpya mmoja uifuate hatua kwa hatua. Karani wa kaunta anapiga kitambulisho picha kwa simu yake mwenyewe kwa sababu skana imeharibika, anaituma kwa WhatsApp kwa afisa wa mikopo. Afisa anaipakua, inakaa kwenye Downloads, kisha anaiambatisha kwenye barua pepe kwenda makao makuu. Huko inaingizwa kwenye mfumo, na pia kwenye Excel ambayo mhasibu huitumia kila mwisho wa mwezi. Kabla ya jioni nakala zimetapakaa ofisi nzima na kwenye simu za watu, na palipolindwa ni mahali pamoja tu: mfumo.

Ukishaijua njia hiyo, programu itakufaa. PIN ya KRA (nambari ya mlipakodi) ni rahisi kuinasa, kwa maana ni herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi tena. Nambari ya kitambulisho ndiyo inayosumbua. Tarakimu nane zinaweza kuwa ankara, akaunti, hata tarehe. Ukitafuta tarakimu tupu utaletewa maelfu ya faili zisizo na maana na utachoka siku ya kwanza. Iambie programu itafute tarakimu zilizo karibu na neno "kitambulisho" au "ID". Fomu zilizopigwa skani nazo ni picha tu. Programu isiyoweza kusoma maandishi ndani ya picha itazipita na kukuambia folda ni safi. Fungua pia safu zilizofichwa kwenye Excel. Nimewahi kutumiwa orodha ya washiriki wa semina, na safu iliyofichwa ilikuwa na maradhi yao.

Hukuniuliza, lakini nakuonya: nakala za ziada mtakazozipata zifuteni. Msizikusanye kwenye folda moja iitwayo "Data nyeti". Mtakuwa mmemfanyia mwizi kazi yake.

Nikiweka nenosiri kwenye faili ya Excel kabla ya kuituma, inatosha?

Ukilituma nenosiri kwenye barua pepe ileile, hapana.

Fomu yetu ya wafanyakazi inauliza majina ya mke au mume na watoto kwa ajili ya bima. Hiyo nayo ni data nyeti? (Mombasa)

Ndiyo. Wengi hudhani data nyeti ni majibu ya hospitali tu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataja afya, imani, alama za mwili kama za vidole, mali na ndoa, na inataja waziwazi majina ya watoto, wazazi na mke au mume. Bima ni sababu halali. Basi majina hayo yaende kwa bima na yabaki kwa anayeishughulikia, si kwenye folda ambayo kila msimamizi anaifungua.

Nami nauliza: mbona fomu nyingi bado zina nafasi ya "kabila"? Taasisi ya umma ina wajibu wa kuonyesha uwakilishi wa makabila, na hilo naelewa. Lakini kampuni ya kuuza vipuri inalitakia nini? Tunajua nchi hii orodha ya majina yenye kabila pembeni inaweza kufanya nini ikiangukia mkono mbaya. Kiondoeni kipengele hicho kwenye fomu, mfute na yale mliyokwisha kuyakusanya.

Shule yetu huweka picha za wanafunzi kwenye Facebook na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Kuna tatizo? (Mwalimu mkuu)

Mwalimu, kunyamaza si idhini. Septemba 2023 Roma School ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na faini si ndiyo kubwa hapa. Picha yenye sare, jina na darasa inamwambia mtu yeyote mtoto yuko wapi na anatoka saa ngapi. Ombeni idhini kwa karatasi yake, msiichomeke ukurasa wa nne wa fomu ya kujiunga, na mzazi akikataa, mtoto asibaguliwe.

Tuna zahanati Arusha. Hizo sheria za Kenya zinatuhusu?

Mna ya kwenu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Taarifa za afya ni nyeti, na huko hata miamala ya fedha ya mtu imo. Kama majibu ya maabara yanapita kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi, hilo likome leo.

Laptopu ya afisa wetu imeibwa kwenye matatu, ina orodha ya wateja. Bosi anasema tusubiri polisi wamalize uchunguzi. (Nairobi)

Msisubiri. Kama kuna hatari halisi ya wateja kudhurika, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Kama mlikuwa mnashika data hiyo kwa niaba ya kampuni nyingine, iarifuni ndani ya saa 48. Diski ingekuwa imesimbwa, yaani data isisomeke bila ufunguo wake, sheria ingewapunguzia mzigo wa kumwarifu kila mteja. BitLocker, programu ya kusimba diski, imo tayari ndani ya Windows Pro, ni kuiwasha tu. Na huyo afisa msimfukuze kwa sababu amesema ukweli. Mkimfukuza, atakayeibiwa kesho atanyamaza.

Stoo yetu ina magunia ya barua za maombi ya kazi za 2014. Muuza karanga anaziomba. Tumpe?

Hapana! Nimewahi kufungiwa karanga kwenye nakala ya cheti cha mtu, jina na nambari ya mtihani vikisomeka vizuri. Waliokosa kazi miaka hiyo hamna sababu ya kuendelea kushika karatasi zao. Wekeni kando za waliopata kazi, na kama humo mna karatasi za hesabu za kodi, nazo pia, kwa kuwa zina muda wake wa kuhifadhiwa. Zilizobaki zikatwekatwe kwa mashine au zichomwe mbele ya watu wawili, waandike tarehe na kutia sahihi.