Kivuli Hakitoki kwenye Krayoni Nyeusi

Wiki iliyopita nimeuza picha ya bibi aliyejitanda kanga, kazi ya krayoni tupu, na mnunuzi alidhani ni rangi ya mafuta. Nilimwambia ukweli kwa fahari. Zamani mwenye duka moja la sanaa alinirudishia kazi zangu bila hata kuzimaliza kuzitazama, akasema hizi ni rangi za watoto wa chekechea. Neno lile linanichoma hadi leo. Ndiyo maana wewe mdogo wangu uliyeniandikia juzi, ukiuliza kwa nini nyuso zako zinatoka kama zimepakwa masizi, nakujibu kwa moyo wote.

Weka kando krayoni nyeusi. Ngozi yetu ina rangi nyingi, na nyeusi inaziua zote. Mimi hutandaza kwanza rangi ya chungwa uso mzima, kwa mkono mwepesi sana. Juu yake hudhurungi, kisha kahawia iliyokoza. Kwenye mashimo ya macho na chini ya kidevu naingiza zambarau au buluu nzito. Mng'ao wa paji nao si mweupe: mtu akikaa karibu na mlango, paji lake huakisi anga, kwa hiyo natia samawati hafifu. Bibi yule alipata uhai hapo, kwenye samawati ile.

Anza na rangi nyepesi, malizia na nzito, na usikandamize mapema. Nta hujaza mikwaruzo ya karatasi; ikishajaa, inateleza na haipokei rangi nyingine. Karatasi nyororo ya kuchapishia haikufai. Tafuta manila yenye kukwaruza kidogo. Narudia: mkono mwepesi!

Maua ya kanga niliyatoa kwa kukwangua. Unapaka njano na nyekundu, unafunika kwa buluu nzito, kisha unachora kwa ncha ya sindano, na rangi ya chini inafunuka. Hapo krayoni za mafuta ni bora kuliko za nta, maana ni laini na unaweza kuzichanganya kwa kidole. Kampuni ya Sakura ya Japani ilizileta sokoni mwaka 1925, wanafunzi wakazipenda. Mwaka 1949 mchoraji Henri Goetz alimwendea Sennelier, mtengenezaji rangi wa Paris, amtengenezee mchoraji mashuhuri Picasso krayoni za mafuta za kiwango cha wasanii. Picasso alikuwa na uwezo wa kununua rangi yoyote duniani. Anayedharau krayoni hajui anachokidharau.

Krayoni za mafuta hazikauki kabisa, basi kioo cha fremu kisiguse picha. Weka ukingo wa kadi kati ya kioo na picha. Na joto la Dar usilichezee: boksi lisiachwe kwenye gari juani.

Vijana mnakimbilia uso mzima siku ya kwanza, mkitaka sifa kabla ya kuona. Jifunzeni kutazama. Kesho weka yai juu ya kitambaa cheupe, nje, jua la saa tatu asubuhi. Usichore kwanza, tazama kivuli chake mpaka uone buluu iliyomo, na ule weupe wa kitambaa unaorudi chini ya tumbo la yai. Ukishaviona vyote viwili, ndipo ushike krayoni.