Chupa ya maziwa isiingie kitandani: jibu kwa mama wa Makambako

Dada yangu wa Makambako, usimpe mtoto chupa hiyo kitandani usiku wa leo. Nimesoma swali lako pamoja na majibu uliyopewa, na salamu nitakupa siku nyingine. Umesema mwanao ana mwaka mmoja na miezi minane, analala na chupa ya maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa kijiko cha sukari, usiku wa manane anaamka na kuidai tena, na unataka kujua aachishwe lini, kama umhamishie maziwa ya kopo, na chupa ya aina gani ni bora. Mchangiaji mmoja amekujibu kwamba umwache tu mpaka atakapoacha mwenyewe, kwa kuwa hata meno yakiharibika ni meno ya utoto, yatang'oka. Wewe ukamshukuru na kusema kwamba moyo wako umetulia. Wangu haukutulia hata kidogo, kwa sababu maneno hayo ndiyo niliyoambiwa mimi, na aliyeyalipia ni binti yangu.

Aliyeniambia alikuwa mhudumu wa zahanati moja binafsi hapa Mbeya. Nilikwenda kwa ajili ya kikohozi cha mtoto, na kwa kuwa nilikuwa nimeona mstari mweupe wa chokaa ukipita karibu na fizi kwenye meno yake ya mbele ya juu, nikamwomba autazame. Alitazama kutoka ng'ambo ya meza, bila kusimama na bila kuuinua mdomo wa mtoto, akasema ni mabaki ya maziwa, na kwamba nisihangaike na meno ambayo siku moja yatang'oka. Nikarudi nyumbani Uyole na kuendelea na chupa. Wanaoishi huku nyanda za juu wanajua usiku wa Juni na Julai ulivyo: mtoto anayenyonya maziwa ya moto chini ya blanketi hulala upesi, na mama anayedamka kuwahi daladala naye hupata usingizi. Mtu akikuruhusu kuendelea na jambo linalokupa nafuu ni vigumu kumbishia, hasa akiwa amevaa koti jeupe.

Mstari ule haukuwa mabaki ya maziwa. Ulikuwa ni jino lililoanza kupoteza madini yake, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuoza. Maziwa, hata usipoyatia sukari, yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi, na bakteria wa kinywani huigeuza kuwa asidi inayolainisha tabaka gumu la nje la jino, ambalo kwa meno ya utoto ni jembamba kuliko la meno ya kudumu. Mchana mate huiosha asidi hiyo na kuipunguza ukali. Mtoto akilala, mate hupungua sana, na akiwa na chuchu ya chupa mdomoni, maziwa hutuama kwenye meno ya mbele ya juu kwa saa nyingi bila kitu cha kuyaondoa. Meno ya mbele ya chini huponea mara nyingi, kwa kuwa ulimi huyafunika na mate humiminika karibu nayo. Ndiyo maana daktari wa meno akiona mtoto ambaye meno ya juu yamebaki vipande vyeusi na ya chini ni mazima, anajua kabla hujafungua mdomo kueleza jinsi mtoto huyo anavyolala. Kijiko chako cha sukari, dada, kinaongeza kasi ya jambo ambalo maziwa peke yake yangelifanya polepole.

Kwa binti yangu weupe uligeuka manjano, manjano ikawa kahawia. Siku moja aliuma kiazi cha kuchemsha, na kwenye kiazi hicho kikabaki kipande chembamba cha jino. Hata hapo nilijiambia kwamba ni meno ya utoto, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Akaanza kutafuna kwa upande mmoja tu, akawa anakataa maji ya baridi, kisha akaanza kuamka usiku akilia kilio ambacho sikukizoea. Nisilotaka limpate mama mwingine ni hili: kila alipoamka kwa maumivu ya jino, nilimnyamazisha kwa chupa nyingine ya maziwa. Alinyonya, akatulia kidogo, akaamka tena, nami nikapasha mengine. Nilikuwa nikilisha ugonjwa uleule uliokuwa ukimliza.

Asubuhi moja aliamka mdomo wa juu umevimba, na juu ya jino la kati kulikuwa na kijipu cha usaha kwenye fizi. Jirani mmoja aliyekuja kumwona alisema ni meno ya plastiki na kwamba anamjua mtu wa kuyatoa. Namshukuru Mungu kwamba mume wangu alikataa palepale, maana imani hiyo, kwamba ndani ya fizi za mtoto huota meno bandia yanayomletea ugonjwa, imewaumiza watoto wengi nchini kwetu. Hukwanguliwa fizi kwa vifaa vichafu, wengine wakapata maambukizi ya damu, wengine wakaharibiwa meno ambayo yalikuwa bado hayajatokeza. Tulikwenda hospitali yenye daktari wa kinywa na meno. Yeye hakutazama kutoka ng'ambo ya meza. Aliuinua mdomo kwa kidole gumba, akamulika, akagonga kila jino taratibu, kisha akatueleza kwamba meno mawili ya katikati yameoza mpaka mzizini na hayawezi kuzibwa, na kwamba usaha ukiachwa unaweza kuenea usoni na kuliharibu jino la kudumu linalojengeka juu yake ndani ya taya.

Nilimpakata mwenyewe. Muuguzi alishika kichwa, mimi nikaibana miguu yake katikati ya magoti yangu na kumshika mikono, naye akawa ananitazama machoni mimi, siyo daktari. Ganzi ilifanya kazi, daktari alikuwa mpole, na meno yalitoka haraka. Hata hivyo mtoto wa miaka mitatu haelewi ganzi, anaelewa kwamba mama yake amemshikilia ili aumizwe. Nyumbani alikaa na pamba mdomoni, hakutaka nimguse mpaka jioni.

Sasa nirudi kwa huyo aliyekwambia kwamba meno ya utoto yatang'oka tu. Ni kweli yatang'oka, lakini je, amekwambia lini? Meno ya kudumu ya mbele ya juu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 7 au 8. Magego ya utoto huachia nafasi zao kati ya miaka 9 na 12. Mtoto anayeng'olewa meno ya mbele akiwa na miaka mitatu atakaa na pengo hilo miaka minne au mitano, na hiyo ndiyo miaka anayojifunza kutamka vizuri, kutafuna vyakula vya watu wazima na kukaa na wenzake shule ya awali. Binti yangu alianza kuziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka, kwa sababu wenzake walimwita bibi kizee. Mtu anayesema meno ya utoto hayana kazi hajawahi kumwona mtoto akikata chapati kwa magego ya nyuma, kichwa amekiinamisha upande.

Mhudumu yule bado nina hasira naye, na sioni sababu ya kuificha. Ilimpasa kusema kwamba mambo ya meno si fani yake, akaniandikia barua ya kwenda kwa anayeyajua. Mstari mweupe ni hatua ambayo jino bado linaweza kuokolewa: ukiacha kinachosababisha, ukapiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha jino, na daktari akapaka dawa maalumu ya floraidi juu ya meno, uozo unaweza kusimama bila kutoboa wala kung'oa chochote. Alinipotezea wakati huo kwa sentensi moja aliyoisema huku akiandika dawa ya kikohozi.

Kanuni yangu, na ndiyo ninayokuomba uishike hata ukisahau mengine yote, ni kwamba baada ya mswaki wa usiku kinachoingia mdomoni mwa mtoto ni maji tu. Mtoto ale chakula cha jioni, anywe maziwa yake kwa kikombe akiwa ameketi, yasiyo na sukari, kisha mtu mzima ampige mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, maana wa umri wake hawezi kujisafisha mwenyewe, ndipo apande kitandani. Akiamka usiku apewe maji kwenye kikombe. Akifika miaka mitatu dawa iongezwe ifike ukubwa wa punje ya njegere. Mpangilio huo usigeuzwe na mgeni, safari, mafua wala baridi.

Umeuliza lini. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri chupa iachwe kati ya miezi 12 na 18, na mtoto anaweza kuanza kujifunza kikombe tangu miezi sita, anapoanza kula. Wako ameshapita hapo, kwa hiyo lini yako ni sasa. Tafadhali usielewe kwamba nakwambia umnyime maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, na sisi wa Mbeya, tulio karibu na ng'ombe wa Rungwe, tunayapata mabichi ya kuchemsha wenyewe. Tatizo ni saa yanaponyweka na namna yanavyonyweka. Kwa umri wake karibu nusu lita kwa siku inatosha. Anayekunywa mengi mno hushiba maziwa akaacha chakula, na kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yana madini chuma machache sana, damu yake hupungua bila wazazi kutambua, kwa sababu kwa macho anaonekana mnene.

Mama anayenyonyesha asilichukue jibu hili kama amri ya kumwachisha mtoto ziwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili na zaidi, na aliye chini ya mwaka mmoja anaweza kweli kuhitaji kunyonya usiku. Kwake yeye meno yasafishwe kabla ya kulala, na akishasinzia ziwa litolewe mdomoni.

Kuhusu kuiondoa chupa yenyewe, nitakueleza tulivyofanya kwa mdogo wake binti yangu, kwa sababu yeye tuliwahi. Tulianza na kuondoa sukari. Baadaye chupa ya usiku tukaitia maji kidogo badala ya sehemu ya maziwa, kila siku chache maji yakizidi na maziwa yakipungua, mpaka ikabaki ya maji matupu. Mtoto akaona haina maana, akaiacha. Alilia usiku wa kwanza aliopewa maji matupu, na baba yake ndiye aliyembeba, kwa kuwa mimi angenidai zaidi. Maziwa yake tuliyahamishia jikoni, kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, katika kikombe kidogo cha bati alichokichagua sokoni Mwanjelwa, na alikipenda kuliko alivyowahi kuipenda chupa.

Bibi yake alipinga kwa nguvu. Kwa watu wazima wa huku, kumlaza mtoto bila maziwa wakati wa baridi ni sawa na kumlaza njaa, na kwa heshima yake hatukubishana naye bali tulimwonyesha sahani. Mtoto aliyekula ndizi za kupika na maharage, au viazi na parachichi lililopondwa, halali njaa. Baridi dawa yake ni soksi, sweta na blanketi la pili. Ongea pia na dada wa kazi, tena mapema, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki na mtoto siku unayochelewa, na asipoelezwa sababu atampa chupa ili anyamaze, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Zile chupa zilizobaki kabatini mgawie mtu au uzitupe. Zikiwepo, usiku wa saa tisa mtoto akilia utazifuata.

Kesho asubuhi mpeleke mwanao dirishani penye mwanga, mlaze kichwa kwenye mapaja yako, uinue mdomo wa juu kwa kidole mpaka uione fizi. Tazama mahali jino linapokutana na fizi, mbele na nyuma yake. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, usisubiri uwe kahawia. Nenda wiki hii hospitali ya karibu yenye kitengo cha kinywa na meno, na ukifika omba aangaliwe na magego pia, kwa sababu hayo huanza kuoza kwenye mikunjo ya sehemu ya kutafunia ambayo mzazi haioni kwa kuinua mdomo tu.