Kabla hujajiandikisha mafunzo ya uongozi wa kiimani

Nilikuwa muuguzi kiongozi wa wodi kwa miaka minne kabla sijahudhuria mafunzo ya uongozi yanayojengwa juu ya imani. Nilikwenda nimechoka, nikitarajia kuombewa. Niliombewa, namshukuru Mungu, ila kazi yenyewe ilianza siku ya pili tulipofungua Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Yethro, baba mkwe wa Musa, anamkuta Musa ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu peke yake. Mzee hamsifu kwa kujitoa. Anamwonya kwamba atajimaliza, yeye na watu wake, kisha anamwelekeza ateue wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi.

Mwezeshaji hakutuhubiria. Alitaka kila mtu aandike kazi zote alizofanya wiki iliyopita na kutia alama zile ambazo mwingine angeziweza. Karatasi yangu ilijaa alama. Ratiba ya zamu, hesabu ya dawa, malalamiko ya ndugu wa wagonjwa: vyote nilivishika mwenyewe nikidhani huo ndio utumishi, na wenzangu wakazoea kungoja amri yangu. Afisa ustawi wa jamii tuliyekaa naye meza moja, Mwislamu, akatukumbusha mafundisho ya Mtume kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Neno hilo “ataulizwa” lilinikaa.

Kuna nesi aliwahi kuniomba apumzishwe zamu za usiku baada ya vifo vitatu mfululizo. Nilimjibu, “Dada, hii kazi ni wito, jipe moyo.” Niliporudi nilimwomba radhi. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linaeleza uchovu wa aina hiyo kuwa unatokana na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa ipasavyo. Kwa hiyo ukimwombea mfanyakazi, mwombee, kisha kaa chini urekebishe ratiba. Mafunzo yanayotumia neno wito kumnyamazisha mtu aliyeelemewa, yakimbie.

Mfano ninaourudia ni Cicely Saunders wa Uingereza: alikuwa muuguzi, akawa mhudumu wa ustawi wa jamii hospitalini, halafu daktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice, London, mahali pa kuwatunza wagonjwa wanaokaribia mwisho wa maisha, akisukumwa na imani yake ya Kikristo, na milango ikawa wazi kwa wa dini zote na wasio na dini. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Hapo ndipo imani inapomsaidia kiongozi: kumwona mtu mzima. Mgonjwa aliyelala kitandani anakutegemea kwa dawa na maji, hawezi kukukatalia kwa uhuru ukitaka kumwombea. Maombi yaanze kwake, akitaka.

Ukichagua mafunzo, ya kukaa pamoja madaktari, wauguzi na wa ustawi wa jamii ni bora kuliko ya kada moja. Uliza pia nani atakufuatilia baada ya kurudi kazini. Sisi tulipangwa wawili wawili. Mwenzangu hunipigia kila mwisho wa mwezi, na baada ya salamu huuliza lile lile: “Ratiba ya zamu safari hii umempa nani?”