Gemu Zinakwama: Je, Tuhamie Windows 11?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni mzazi, naishi Langoni, Lamu. Nyumbani tuna kompyuta mbili za Dell tulizozinunua Mombasa zikiwa zimeshatumika. Ya kwanza ni OptiPlex 7050 yenye prosesa ya Core i5-7500 na kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti. Ya pili ni OptiPlex 7060 yenye Core i5-8500 na GTX 1650. Kila moja ina RAM ya gigabaiti 8, diski ya zamani ya kuzunguka, na Windows 10. Wanangu hucheza GTA V na Valorant, na wameambiwa na wenzao kwamba Windows 11 itaziongezea gemu kasi. Kwa kweli gemu hukwama, hasa nyakati za mchana. Je, tuhamie au tubaki tulipo?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kutaja prosesa za mashine zote mbili, kwa kuwa jibu langu si moja kwa zote. OptiPlex 7060 naona ihamie Windows 11, ila iwe baada ya matayarisho nitakayoyaeleza. OptiPlex 7050 isihamishwe kwa nguvu. Na katika mashine zote mbili, tatizo la kukwama halitaondolewa na mfumo endeshi, yaani Windows, bali na vitu vingine ambavyo kwa jumla ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Nianze na hilo la kasi, maana ndilo linalowapa vijana hamu. Kompyuta ikiwa ni ile ile na kadi ya grafiki ni ile ile, tofauti ya idadi ya fremu, yaani picha zinazoonyeshwa, kwa sekunde baina ya Windows 10 na Windows 11 kwa kawaida ni ndogo mno kiasi kwamba mchezaji hawezi kuihisi. Ni kweli kwamba Windows 11 ina mambo yanayowafaa wacheza gemu, lakini tazama ni ya nani. Inajua kugawa kazi vizuri zaidi katika prosesa za Intel za kizazi cha 12 na kuendelea, zile zenye viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) vikubwa na vidogo kwa pamoja, ilhali zako ni za kizazi cha 7 na cha 8, na viini vyake vyote ni sawa. Ina Auto HDR, inayoongeza mng'ao wa rangi katika gemu za zamani, lakini hiyo huhitaji skrini ya HDR, yenye mwanga na rangi pana zaidi, na skrini zinazouzwa pamoja na kompyuta za ofisi zilizotumika mara nyingi si za namna hiyo. DirectStorage, ambayo huharakisha usomaji wa data za gemu kutoka kwenye diski ya SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, inafanya kazi hata katika Windows 10, na mwenye diski ya kuzunguka haimfai kitu katika mfumo wowote.

Sasa tuangalie kukwama kwenyewe. Gemu inapokwama hivyo, waambie wanao wabonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha watazame safu ya diski na safu ya kumbukumbu, yaani RAM. Sina shaka kubwa kwamba watakuta diski imefika asilimia 100 na RAM imekaribia kujaa. GTA V ina mji mzima wa kusoma kutoka kwenye diski huku mchezaji akiendesha gari kwa kasi, na diski ya kuzunguka haiwezi kuleta majengo na barabara kwa haraka inayotakiwa, hivyo picha husimama mpaka data ifike. RAM ya gigabaiti 8 nayo ikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski ile ile iliyokwisha kulemewa. Kuweka Windows 11 juu ya hali hiyo ni sawa na kulitia tanga jipya jahazi linalovuja.

Kwa hiyo pesa ya kwanza itumike kununua SSD kwa kila mashine, na ya pili kuongeza RAM ya DDR4 ifike gigabaiti 16. Kabla ya kununua RAM, fungua kasha uone kama hizo gigabaiti 8 ziko katika kijiti kimoja au viwili. Kikiwa kimoja, ongeza cha pili kinacholingana nacho, kwa sababu vijiti viwili hufanya kazi kwa njia mbili sambamba, na gemu hupata nafuu ambayo haitokani na ukubwa wa kumbukumbu peke yake. OptiPlex hizi zina nafasi ya kuchomekea SSD iitwayo M.2 kwenye bodi kuu, kwa hiyo SSD ya NVMe, aina yenye kasi zaidi, huingia bila waya wowote. Ukimwagiza mtu Mombasa, mtajie modeli ya kompyuta pamoja na aina ya SSD, asije akakuletea ya SATA, ambayo ni ya polepole zaidi, kwa bei ya NVMe.

Umesema pia kwamba hukwama zaidi mchana, na neno hilo nimelitilia maanani sana. Sisi wa pwani, mimi nikiwa hapa Malindi na wewe Lamu, tunaishi na joto, unyevu na hewa ya chumvi, na kompyuta zilizotengenezwa kukaa katika ofisi yenye kiyoyozi huumia katika hali hiyo. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kadi ya grafiki hufanya vivyo hivyo. Wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na joto tangu saa tano asubuhi, feni inavuta hewa ambayo tayari ni moto, na kama ndani mmejaa vumbi lililoshikana kwa unyevu, hewa haipiti kabisa. Mpelekee fundi aisafishe, aondoe ile krimu iliyokauka baina ya prosesa na kipoza joto chake na kupaka mpya, kisha kompyuta iwekwe mbali na ukuta, isifungiwe ndani ya kabati la meza. Wengi hulidharau jambo hili kwa kuwa halionekani kuwa la kitaalamu, nami naliona kuwa muhimu kuliko toleo lolote la Windows.

Ikiwa kasi si sababu, kwa nini basi nashauri 7060 ihamie? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni usalama. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo kila ufa unaogunduliwa katika mfumo huo hubaki wazi kwa asiyejiandikisha kupata masasisho ya nyongeza. Kompyuta ya vijana wanaocheza gemu ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa wanapakua vifaa vya kubadilisha gemu kutoka kwa watu wasiowajua. Ya pili ni kwamba waundaji wa gemu wenyewe watazidi kuuacha mfumo wa zamani, kama duka la gemu la Steam lilivyoacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024.

Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu, na wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Valorant ina programu ya kuzuia udanganyifu iitwayo Vanguard, na katika Windows 11 programu hiyo hukataa gemu isifunguke mpaka TPM 2.0 na Secure Boot ziwe zimewashwa. TPM ni kifaa cha usalama kinachotunza funguo za siri za kompyuta, na Secure Boot ni ulinzi unaohakikisha kwamba hakuna programu ngeni iliyojipenyeza kabla Windows haijawaka. Mtu akihama bila kuviwasha, Valorant iliyokuwa ikicheza jana huonyesha ujumbe wa VAN9001 au VAN9003, naye hudhani gemu imeharibika. Wala hili si la Windows 11 peke yake, kwani gemu ya Battlefield 6 hudai Secure Boot hata kwa wanaotumia Windows 10.

Kompyuta zilizotumika zina tatizo la ziada katika jambo hili. Baadhi ya wauzaji huzipakia Windows kwa mtindo wa zamani uitwao Legacy, ambao hauwezi kabisa kuwa na Secure Boot, hata kama mashine yenyewe inaikubali. Ili kujua, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, kisha tafuta mstari wa BIOS Mode. Ukiona UEFI, yaani mtindo mpya, uko salama. Ukiona Legacy, usibadilishe chochote katika mipangilio ya kompyuta kwa sasa, maana ukibadilisha kabla ya kutayarisha diski, Windows haitawaka. Kwa TPM, andika tpm.msc na uangalie kama toleo ni 2.0.

Kwa kuwa unanunua SSD, una njia safi ya kulikwepa tatizo hili lote. Nakili picha na faili muhimu mahali pengine. Tengeneza flashi ya Windows 11 kwa kutumia zana ya Microsoft yenyewe, flashi iwe na gigabaiti 8 au zaidi. Zima 7060, chopoa waya wa diski ya zamani, na uiweke SSD peke yake. Washa huku ukibonyeza F2, chagua UEFI, hakikisha TPM na Secure Boot zimewashwa, kisha pakia Windows 11 upya. Diski ya zamani ikiwa imechopolewa, kisakinishi hakitaweza kuigusa, na jambo lolote likienda mrama utairudisha, utarejesha mpangilio wa awali wa kuwaka, na kompyuta itakuwa kama ilivyokuwa. Napenda njia hii kuliko kuhama juu kwa juu, yaani kuigeuza Windows 10 iliyopo, ambako ruhusa ya kurudi nyuma kwa kawaida ni ya siku 10 tu. Leseni halali ya Windows 10 inakubalika katika Windows 11 bila malipo. Lakini ikiwa muuzaji aliiamilisha Windows kwa programu za wizi, hapo ndipo pa kuachana nazo, kwani nyingi huzima kinga ya virusi ili ziweze kufanya kazi.

Ukimaliza, utakuta mambo mawili yamewashwa bila kuulizwa. La kwanza, katika upakiaji mpya ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, data za diski zinaweza kufungwa kwa msimbo wa siri, na ufunguo wa kuifungua huhifadhiwa katika akaunti hiyo, kwa hiyo akaunti iwe yako wewe mzazi na neno la siri ulijue wewe. La pili ni kinga inayoitwa Memory Integrity, ambayo huweza kupunguza kasi ya gemu kidogo. Microsoft imekiri hivyo na kuruhusu wachezaji kuizima wakati wa kucheza, kisha waiwashe tena. Mimi nakuomba uiache. Prosesa yako ya kizazi cha 8 ina uwezo wa ndani unaopunguza gharama ya kinga hiyo, tofauti na zile za kabla ya kizazi cha 7, na vijana wakishaizima hawataikumbuka tena.

Ama OptiPlex 7050, prosesa yake haimo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanza kizazi cha 8, ukiondoa chache mno. Najua zipo njia za kuuzunguka ukaguzi huo, na mafundi wengine huzifanya kwa malipo. Sikushauri. Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyohamishwa hivyo, na usalama ndio uliokuwa sababu yetu ya kuhama. Badala yake, hakikisha ina Windows 10 toleo la 22H2, kisha ingia katika mipangilio ya Windows Update ujiandikishe kwa masasisho ya nyongeza ya usalama, ambayo kwa watu binafsi yamepangwa kufika tarehe 13 Oktoba 2026. Kwetu huku unaweza kuyapata bila pesa kwa kukubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe katika akaunti yako ya Microsoft, au kwa dola 30. Kadi yake ya GTX 1050 Ti pia iko mwishoni mwa safari, kwani NVIDIA ilitangaza kwamba draiva (programu za kuiendesha kadi) za gemu mpya za kizazi hicho zingekoma Oktoba 2025, na baadaye zibaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. Kuibadilisha Windows hakungelibadilisha hilo.

Masasisho hayo ya Windows 10 yakikoma, 7050 inaweza kuwekewa Linux, mfumo endeshi mwingine, na kuendelea kucheza gemu nyingi za Steam, ikiwemo sehemu ya hadithi ya GTA V, ya mchezaji mmoja. Valorant haitacheza huko, na GTA ya mtandaoni pia imefungwa kwa watumiaji wa Linux, kwa hiyo waeleze wanao mapema ili wakubaliane nani atatumia mashine ipi.

Kuhusu siku ya kazi yenyewe, faili la Windows 11 huzidi gigabaiti 5, basi usilipakue kwa bando la siku la simu. Lipakue palipo na intaneti ya uhakika, ulihifadhi kwenye flashi. Kompyuta za mezani hazina betri, na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji kazi huharibika, na, vibaya zaidi, ukikatika katikati ya sasisho la BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, unaweza kupoteza bodi nzima. Azima UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ikiwa huna. Na utakapotafuta mashine ya kuchukua nafasi ya 7050, soma tarakimu ya kwanza baada ya i5 na kistari: ikiwa ni 8 au 9 inafaa, ikianza na 10 na kuendelea ni bora zaidi, na ikiwa ni 7 au 6, usiinunue hata muuzaji akikuwashia Windows 11 mbele ya macho yako.