Kuchagua sikilidi watakaoishi pamoja katika tangi kubwa

Watu wengi wanaoniomba ushauri kuhusu sikilidi, samaki wa ukoo mmoja na sato na perege, huwa wamekwisha kununua tangi kubwa na wanaamini kwamba ukubwa huo peke yake utazuia ugomvi. Kwa uzoefu wangu, tangi kubwa humpa samaki anayeonewa mahali pa kukimbilia, lakini halimgeuzi dume mkali kuwa mpole. Mara nyingi dume huyo hujitwalia eneo pana zaidi na kulilinda kwa bidii ileile. Ndiyo maana mimi hupanga kundi zima kwenye karatasi kabla ya kununua samaki wa kwanza, na sichukui samaki mmoja mmoja kwa kufuata rangi iliyonivutia siku hiyo.

Swali la maji hujibiwa upesi. Sikilidi wa Ziwa Nyasa, ambalo wengine huliita Ziwa Malawi, wamezoea maji magumu yenye pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) ya 8 hivi, na wale wa Ziwa Tanganyika huishi katika maji ambayo pH yake hukaribia 9. Diskasi, sikilidi wa bonde la mto Amazon, hutaka maji laini yenye asidi kidogo na joto la nyuzi 28 au zaidi, hali wenzao wa maziwa ya Afrika hutosheka na nyuzi 24 hadi 27. Anayewachanganya atalazimika kutafuta maji ya katikati ambayo hayamfai yeyote. Oska naye, Astronotus ocellatus wa Amerika Kusini, hufikia sentimita 30 na humeza chochote kinachoenea kinywani mwake, kwa hiyo huyo apangiwe tangi lake.

Hata hivyo, kutoka ziwa moja hakutoshi, na hapa ndipo ninapowaona wafugaji wengi wakikwama. Tropheus na frontosa wote ni wa Tanganyika na maji yao ni yaleyale, lakini Tropheus huparura mwani kwenye miamba kutwa nzima na utumbo wake ni mrefu, ilhali frontosa ni mlaji wa samaki wadogo ambaye huwavizia wakati mwanga ni hafifu. Ukiwaweka pamoja, utalazimika kuchagua ni nani atakayekula chakula kisichomfaa; na Tropheus akilishwa protini nyingi za wanyama, huwa katika hatari ya kuvimba tumbo na kufa. Kwa Ziwa Nyasa mgawanyo ni kama huohuo: mbuna, yaani sikilidi wa miambani wa ziwa hilo, wengi ni walaji wa mwani, hali Nimbochromis livingstonii hulala juu ya mchanga akijifanya mzoga hadi samaki mdogo asogee, kisha humnyakua. Mimi huanza na chakula kabla ya kuangalia tabia, kwa sababu tofauti ya chakula, tofauti na ugomvi, haipunguzwi kwa kupanga mawe upya.

Baada ya hapo ndipo huja ukali, ambao hauendi sambamba na ukubwa wa mwili. Melanochromis auratus ni samaki wa sentimita 10 tu, mwenye rangi nzuri ya manjano na mistari myeusi anapokuwa mdogo, lakini dume lake likikomaa hugeuka kuwa jeusi na huweza kulitawala tangi zima. Simshauri mtu yeyote anayetaka mchanganyiko wa mbuna amnunue huyo, hata kama muuzaji atamsifu namna gani. Labidochromis caeruleus, wa manjano pia, ni mpole zaidi na ndiye ninayempendekeza awe msingi wa kundi. Chindongo demasoni ana kanuni yake: wakiwa wachache hufukuzana hadi dhaifu wafe, lakini wakiwa 12 au zaidi hasira ya kila dume hugawanyika kwa wengi, na hakuna anayesakamwa peke yake. Kumbuka pia kwamba dume humwona mshindani katika kila samaki anayefanana naye kwa rangi na umbo. Kwa sababu hiyo sipendi kuweka aina mbili za buluu zenye mistari, na kwa kila dume natafuta majike watatu au wanne.

Kujaza samaki wengi ili kupunguza uonevu ni mbinu inayofaa kwa mbuna, ila ina gharama yake. Amonia, inayotokana na uchafu wa samaki, huwa na sumu kali zaidi pH inapopanda, kwa hiyo maji yaleyale wanayoyapenda hayasamehe uchafu. Machujio mawili na kubadilisha theluthi moja ya maji kila wiki ni sehemu ya mpango wenyewe.

Nikiulizwa ni kundi gani ningemshauri mtu mwenye tangi la sentimita 150 kwa 50 kwa 50, lenye ujazo wa lita 375, jibu langu ni la Tanganyika. Neolamprologus multifasciatus hukaa katika makombe ya konokono juu ya mchanga na hutosheka na eneo dogo sana. Jozi ya Julidochromis huchukua rundo la mawe upande mmoja. Na Cyprichromis leptosoma huogelea kwa makundi katika maji ya juu, ambako hao wengine hawana shughuli. Kila mmoja ana makao yake, na ugomvi hubaki mipakani. Mfuniko ni wa lazima, kwani Cyprichromis huruka. Neolamprologus brichardi, ambaye wengi humwongeza kwa uzuri wa mapezi yake, ningemwacha: watoto wake wakubwa husaidia kuwalinda wadogo, ukoo huongezeka, na mwishowe wengine wote husukumwa kwenye kona.

Wanaopenda Aulonocara, sikilidi wengine wa Ziwa Nyasa, wajue kwamba majike wa aina mbalimbali hufanana mno na madume huzaa nao bila kubagua, hivyo ama wafuge aina moja tu, ama madume matupu. Vifaranga chotara wasigawiwe kwa wafugaji wengine kwa jina la aina halisi.

Katika kuwaingiza, wapole hutangulia na wakali huja mwisho, wakiwa wadogo na wanaolingana. Na kila ninapoongeza samaki mimi huyahamisha mawe ili mipaka ya zamani ivurugike, kisha huzima taa hadi kesho yake. Tangi dogo la akiba lenye chujio lililokwisha kukomaa, yaani lenye bakteria wa kusafisha maji, liwe tayari kabla ya siku hiyo, kwa kuwa samaki aliyejibanza karibu na uso wa maji huku mapezi yake yakiwa yameraruka anahitaji kutolewa saa ileile.