Macho ya manjano ukiwa kwenye ARV: msikimbilie kuacha dawa

Dada uliyeuliza kuhusu mumeo, kwamba macho yamekua manjano, mkojo kama chai ya rangi, na muuza duka la dawa kamwambia ARV (dawa za kufubaza VVU) ndo zimemla ini aziache kwanza, ngoja nikujibu kwa kirefu maana hiyo njia nimeipita mwenyewe.

Mi niko kwenye dozi tangu 2016, nauza dagaa mwaloni Kirumba, na miaka ile nilikua nafata mzigo visiwani Ukerewe nalala kambini hata wiki. Kambi za dagaa mnazijua, choo cha kutafuta kwa tochi, maji ya kunywa yanachotwa ziwani palepale watu wanapooga, na mvua ikinyesha uchafu wote unashukia humohumo. Nilikua nayanywa hivohivo na kujisifu eti tumbo la Msukuma halisumbuliwi.

Nimerudi Mwanza, kama mwezi hivi, mwili ukachoka balaa, chakula sitaki, harufu ya dagaa niliyoizoea miaka yote ikawa inanitapisha, afu wife ananiambia we baba Kulwa hebu simama juani nikuone macho. Jirani akasema ni dozi hiyo, shemeji akaleta mizizi ya kuchemsha ya kusafisha nyongo, nami nikaacha ARV siku 5 nikawa nakunywa mizizi. Ujinga mtupu.

Nesi wa CTC, kliniki yetu ya VVU, alinifokea mpaka nikatafuta pa kuficha uso. Akanielewesha kwamba ndani ya TLD, kidonge cha ARV ninachomeza, kuna tenofovir na lamivudine, na hizohizo ndo zinaibana homa ya ini B, sasa kama unayo B hujijui ukakata ghafla inaweza kulipuka ini likaumia kuliko mwanzo. Ni kweli dawa zinaweza kugusa ini, ila akiamua daktari kubadilisha ni sawa, sio mimi na shemeji. Na mizizi nayo inaweza kuharibu ini.

Vipimo: malaria hamna, B hamna, C hamna, ila vimeng'enya vya ini viko juu kabisa. Daktari mmoja kijana ndo akaniuliza, mzee unakunywa maji ya wapi? Nilivyomweleza akatuma sampuli, majibu yakarudi homa ya ini E. Wakuu, mi nilikua najua zinaishia C!

E inatoka kwenye kinyesi inaingia mdomoni, hasa kwa maji, na inakaa wiki 2 mpaka 10 kabla hujaanza kuumwa, ndo maana huikumbuki safari. Wengi inapona yenyewe ndani ya wiki chache, mi manjano yaliisha kama wiki ya tatu. Shida ni kwetu sisi CD4 (seli za kinga ya mwili) ikiwa chini, hasa chini ya 200, kirusi kinaweza kugoma kutoka kikakaa miezi kinatafuna ini kimyakimya. Uingereza waliripoti mgonjwa wa hivo mwaka 2009. Hiyo ya kukaa muda mrefu mara nyingi ni ile aina inayotoka kwa nguruwe, kwahiyo wapenzi wa kitimoto ikaangwe iive mpaka ndani. Na CD4 ikiwa chini kipimo cha kingamwili kinaweza kusoma hamna wakati kirusi kipo, inabidi kitafutwe kirusi chenyewe. TLD haikitibu, kikigoma wanatumia dawa ya virusi inaitwa ribavirin.

Kwahiyo mpeleke kesho asubuhi, abebe kadi ya CTC na kila anachokunywa, hata mizizi asifiche. Pombe aache kabisa. Akianza kuongea vitu havieleweki, kusinzia ovyo au kutoka damu, usingoje kesho, hata usiku huohuo hospitali. Na wewe kama ni mjamzito waambie mapema, E ikimkuta mama kwenye miezi ya mwisho inaweza kuua.

CD4 yake ya mwisho ilikua ngapi? Na hapo nyumbani maji mnachemsha?