Maswali na Majibu: Lethi Kuukuu au Mpya ya Mezani kwa Kazi ya Kalamu?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mwalimu huku Kakamega. Nataka kuanza kujitengenezea kalamu za wino kwa ebonaiti (mpira uliokaushwa hadi kuwa mgumu) na akriliki (aina ya plastiki). Hapo Kisumu nimeonyeshwa lethi (mashine ya kukereza) kubwa ya zamani ya Uingereza, imepakwa rangi vizuri, na muuzaji ananiambia chuma cha zamani hakichakai. Kwa bei inayokaribiana na hiyo naweza kupata ndogo mpya ya mezani, ya kilo 40 hivi, lakini marafiki wanasema ni ya kuchezea watoto. Nichukue ipi?

JIBU: Mwalimu, chukua ndogo. Ningeishia hapo, lakini hayo maneno kwamba chuma cha zamani hakichakai nimeyasikia mara nyingi mno, na karibu kila mara nayasikia kwa mtu ambaye pesa zake zimeshakwenda.

Chuma kinachakaa. Tena lethi haichakai sawasawa mwili mzima. Huliwa zaidi kitandani, yaani kwenye reli ambazo kigari kinachobeba kisu hutelezea, sentimita 30 za kwanza kutoka kichwani, upande unaoshika na kuzungusha kazi, kwa kuwa kazi nyingi hufanyiwa hapo. Kigari kimepita hapo maelfu ya mara kikisaga vumbi la chuma, na siku nyingine hakuna aliyekumbuka mafuta. Upande wa mkiani, mwisho wa pili, kitanda bado kinang'aa kama kipya. Sasa kalamu yako ina urefu wa sentimita 13 au 14. Utaifanyia kazi wapi? Papo hapo palipoliwa.

Uzito wa mashine kubwa unatuliza mtikisiko, hilo ni kweli, na kwa shafti nene ya kinu cha miwa siwezi kukupa ile ya mezani. Kalamu ni habari nyingine. Kifuniko chenye thredi (mitaro ya kufungia kwa kuzungusha) ya milimita 13 ndani na unene wa milimita 15 nje kimebakiwa na ukuta wa milimita moja tu. Tundu likihama kitovu kwa milimita 0.3, upande mmoja unabaki 0.7 na wa pili 1.3. Kijana mmoja aliniletea kifuniko cha akriliki ya buluu kilichopasuka, akilaumu akriliki. Nilikishika dirishani: upande mmoja ulipitisha mwanga kama chupa, mwingine ulikuwa giza. Ufa ulikuwa umefuata ule upande mwembamba kutoka mdomoni hadi mwisho wa thredi.

Kuna na suala la kasi. Lethi nyingi kubwa za zamani hukomea mizunguko mia kadhaa kwa dakika. Fimbo ya milimita 13 ikizunguka mara 500, ncha ya kisu inaiona ikipita kwa mita 20 tu kwa dakika. Ikizunguka mara 2,000 ni mita 82, na uso wa kazi unatoka laini. Tena kubwa nyingi zinataka umeme wa fezi tatu, na nyumbani kwako bila shaka una fezi moja.

Hiyo ndogo nayo haiji tayari. Ifungue, ifute grisi ya safari, kaza mabamba ya kigari (vipande vinavyokibana kitandani) hadi kisicheze, agiza gia za akiba maana nyingi ni za plastiki. Usitumie pesa zote kwenye mashine. Weka kiasi kama bei yake kwa ajili ya vifaa, na cha kwanza kiwe koleti (kishikio kinachobana kazi pande zote sawasawa), kwa sababu taya tatu zinazokuja nayo zinaweza kupotosha kazi kwa milimita 0.1 kila ukiitoa na kuirudisha. Thredi usihangaike kuzikata kwa gia. Watengenezaji wengi wa kalamu hutumia tapu (ya kukata thredi ya ndani) na dai (ya nje). Ya kifuniko mara nyingi huwa na mianzo mitatu, yaani mitaro mitatu iliyosokotwa pamoja, na hatua (nafasi kati ya mtaro na mtaro) ya milimita 0.8, ndiyo maana mzunguko mmoja unakisogeza milimita 2.4 na kinafunguka haraka. Ya kishikio cha nibu (ncha ya kuandikia) namba 6 ya kampuni ya JoWo ni milimita 7.4 kwa hatua 0.5. Hiyo si saizi ya kawaida, kwa hiyo agiza mapema.

Nirudi kwa hawa wauzaji, na hapa nasema na kila anayenunua mashine iliyotumika, awe wa kalamu au wa bushi za matatu. Rangi mpya si ukarabati. Nimewahi kukwangua rangi ya kijani nikakuta bodifila (lipu ya kuzibia mabati ya magari) imejaza ufa. Wanakuwashia, inazunguka bila kelele, wanakwambia sikiliza ilivyo tulivu. Inazungusha hewa! Hakuna lethi inayoshindwa kukata hewa.

Pitisha ukucha kitandani, kuanzia chini ya kichwa ambako kigari hakifiki, kuelekea mkiani. Ukucha ukikwama kwenye ukingo kama ngazi ndogo, kitanda kimeliwa. Kisha kaza bamba la kigari mkiani mpaka kiende kwa shida kidogo, ukisukume hadi kichwani. Kikilegea huko, ni ugonjwa ule ule, na dawa yake ni kusaga kitanda kizima upya, gharama inayoweza kuzidi bei ya mashine. Atakayekwambia atalikaza bamba huko kichwani na mambo yatakuwa sawa, mwache alikaze mbele yako, halafu mwombe akirudishe kigari mkiani. Kitagoma njiani.

Kama moyo bado uko kwa ile kubwa, nenda na kipande chako cha chuma cha milimita 25 na vania yako (kipimo cha unene). Kitoke nje ya taya sentimita 10 bila kushikwa na mkia, kikatwe pita moja nyepesi, upime unene wa ncha zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 0.05, au muuzaji akisema hana muda wa kukata, panda matatu urudi Kakamega na pesa zako.